Kengele ya Bibi Mkalimani

Katika miaka sita niliyopanga nyumbani kwake, sikuwahi kumwona amekaa akila. Alikula amesimama, sahani mkononi, bega ameliegemeza kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, huku akitutazama sisi tuliokaa mkekani aone nani ameishiwa mboga. Ukimwambia, "Bibi, njoo ukae nasi," alijibu kwamba chakula kinashuka vizuri mtu akiwa wima. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu, kwa hiyo siku moja nilimweleza kwa kirefu habari za koo, tumbo na utumbo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hilo ni tumbo la kitabuni, lake yeye analijua mwenyewe.

Mji mzima wa Kahama ulimwita Bibi Mkalimani. Jina hilo alilipata ukubwani, katika miaka ile ya themanini ambayo sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya bahati, kwa ajili ya kazi moja ya kila Jumamosi alasiri: kuwatafsiria watu vichekesho vya Wamarekani weusi kwenye ukumbi wa parokia. Yeye alikuwa Mwislamu wa swala tano, mtandio hautoki kichwani. Ukumbi ulikuwa wa Wakatoliki, na picha ya Bikira Maria ilikuwa juu ya mlango. Waliomuuliza inakuwaje aliwajibu kwamba yeye haendi pale kusali, anaenda kusema.

Siku hizo huku bara hatukuwa na televisheni. Sinema tulizozijua ni zile za gari la serikali, zilizotufundisha namna ya kunyunyizia pamba dawa na kuchimba choo cha shimo. Aliyetuletea hayo mengine alikuwa Bruda, fundi wa pampu za visima wa misheni, Mmarekani mweusi, wa kwanza sisi kumwona kwa macho. Wanawake wa sokoni walimsalimia kwa Kisukuma, naye akawajibu kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, wakamnunia. Walidhani ni kijana wa huku huku aliyesoma kidogo tu akajifanya amesahau kwao.

Bruda alikuwa na dada yake Marekani. Dada huyo alinasa vichekesho kutoka kwenye televisheni ya kwao, vipya kwa vya zamani vilivyorudiwa, akamtumia kaka yake kanda kwa kanda ili asife kwa upweke. Deki, televisheni na transfoma Bruda alikuja navyo mwenyewe. Akawasha jenereta ya misheni, akaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, akakaribisha watu wote bila kujali dini. Jumamosi ya kwanza alijaribu kutafsiri mwenyewe. "Huyu baba... yeye sema... hapana pesa ya nyumba," alisema, akacheka peke yake. Baba Mashaka, fundi baiskeli ambaye karakana yake ilitazamana na kanisa, alikuwa ameshainuka aondoke. Ndipo sauti ya mama mtu mzima ikatoka benchi la nyuma.

"Sivyo alivyosema huyo! Amesema kodi ya nyumba imechelewa kwa sababu mshahara nao ulipanda basi la watu wengine."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bruda akageuka, akaomba mama huyo aje mbele, na tangu siku hiyo hakurudi tena benchi la nyuma.

Alitafsiri kwa namna yake. Kila mtu wa kwenye kanda alimpa undugu: huyu shemeji, huyu mkwe, yule ni mtoto wa kufikia ndiyo maana ana kiburi. Theluji aliiita mvua ya mawe iliyosagwa. Mume akimdanganya mkewe, alisimamisha tafsiri akamgombeza kwanza, huku maneno ya Kiingereza yakiendelea kupita bila mtu wa kuyashika. "Bibi, tunapitwa!" watu walilia. "Hampitwi na kitu," alijibu, "anaendelea kudanganya." Na kabla kanda haijaanza alikuwa akitoa ndani ya kanga kengele ndogo ya shaba yenye mkono wa mti mweusi, akaigonga mara tatu, nasi tukanyamaza. Alituambia ni kengele ya ofisini.

Maana Kiingereza chake, kwa maelezo yake, kilikuwa cha ofisini. Alisema alikuwa karani wa mgodi mmoja upande wa Geita kwa miaka kumi na moja, huko nyuma, bendera zilipokuwa zinabadilishwa. Watu waliamini, na kwa nini wasiamini? Mwanamke karani enzi hizo alikuwa ni kitu cha kuheshimiwa, naye heshima hiyo aliivaa vizuri. Alitembea polepole, alisalimiwa na wakubwa wa idara, na hata shehe alimwita mama karani.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi mpangaji niliyeteka maji kwenye mtungi mmoja naye nilianza kuona mambo yasiyolingana. Nilimpelekea fomu ya Kiingereza anisaidie kuijaza, akasema miwani imepotea. Miwani ile ilipotea kila nilipokuja na karatasi, na ikapatikana kila alipotaka kuchagua mchele. Lakini karani huyo aliyeshindwa na fomu alijua kuoka keki kwenye sufuria, makaa juu na makaa chini, na pudini ya mkate mkavu ambayo sijaila nyingine inayoifikia. Alikunja vitambaa vya meza vikawa mfano wa ndege. Alipiga pasi kila kitu, hata taulo la kufutia vyombo. Mimi, kwa ulimi wangu mrefu, niliwahi kuwatania walimu wenzangu kwamba huo mgodi lazima ulikuwa unachimba pudini. Walicheka sana, nami nikajiona hodari.

Alikuwa na ukali na huruma vilivyochanganyika mpaka usivitenganishe. Alikuwa na binti wa ndugu yake aliyemsaidia kazi, na ole wako umwite binti huyo kwa kupiga makofi au mluzi. Mpangaji mmoja, dereva wa lori, alifanya hivyo asubuhi moja, na jioni alikuwa anatafuta chumba kwingine. "Mtu ana jina," Bibi alisema, "na kama hulijui, inuka umfuate." Kikombe chake alikiosha mwenyewe hata akiwa na homa. Ila yeye mwenyewe hakuweza kuona mtu ameketi bila kumletea kitu. Ukikaa tu, chai hiyo. Ukikataa, aliumia.

Kulikuwa na jambo jingine alilolifanya ukumbini ambalo mwanzoni nililiona la kuchekesha. Kila kanda ikianza, kabla hata ya kutafsiri neno, alitangaza nani amekaa na nani amesimama. "Baba amekaa. Mama amekaa. Mweusi mwenzetu yule mwembamba amekaa, tena amekunja nne." Kisha ndipo hadithi iendelee. Niliwahi kumuuliza inatusaidia nini. Akaniambia ukitaka kujua nyumba ni ya nani, usitazame mapazia, tazama nani anakaa.

Bruda alipotafsiriwa desturi hiyo hakucheka. Alituambia, huku Bibi akitugeuzia maneno yake, kwamba yeye akiwa mtoto mtu mweusi alionekana kwenye televisheni kwa nadra sana, na akionekana ameshika sinia. Mtu akimwona alipiga kelele kuita majirani, nao wakaja mbio, na wakifika yule mweusi ameshaweka sinia mezani na kutoka mlangoni. Wamekosa. Baadaye akaanza kupewa maneno mawili matatu. Baadaye tena akapewa nyumba yake, ya kimaskini, yenye kelele, lakini yake, na watoto wake, na kiti. "Ninyi mmeanza kuangalia wakati watu wameshakaa," Bruda alisema. Bibi alitafsiri hayo kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake, na tulimwambia arudie.

Sasa niwaeleze habari ya kicheko, maana bila hiyo mtu huyu hamtamjua.

Kwenye kanda zile kulikuwa na watu wanaocheka bila kuonekana. Mtu akisema neno la kuchekesha, kicheko cha watu wengi kilitoka, na chumbani mle hamna watu wengi. Jumamosi ya pili Baba Mashaka alishindwa kuvumilia. Alitoka nje, akazunguka ukumbi, akachungulia nyuma ya televisheni, akarudi.

"Bibi, hawa wanaocheka ni akina nani? Wako wapi?"

Nilimwona Bibi akisita. Hakujua, na karani hawezi kutojua.

"Ni watani wa nyumba hiyo," alisema.

Ikawa imekwisha, kila mtu alielewa. Kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakweo, akachukua kiatu chako mpaka ukikomboe kwa soda, nawe huna haki ya kukasirika. Lakini siku ya kufa, mtani ndiye anayeingia kaburini kulichimba, ndiye anayevaa kanzu ya marehemu na kuiga mwendo wake mpaka wafiwa wanacheka kwa nguvu ya machozi. Bibi alilisema waziwazi siku hiyo: "Mtani akikucheka usiogope. Huyo ndiye atakayekuzika. Uogope anayekucheka halafu hatakuja msibani."

Basi ukumbi mzima ukajiunga na wale wasioonekana. Tulicheka nao pamoja, tukamwambia baba wa kwenye kanda atoe soda. Ikija sehemu ya huzuni, kicheko kikatulia, mtu alinong'ona, "Watani wameenda kuchimba," na akina mama wakaanza kujifuta macho kabla hata ya kujua nani amekufa. Baba Mashaka alikwenda mbali zaidi. Alitangaza kwamba Wamarekani weusi hawawezi kuwa watu wengine ila Wanyamwezi na Wazaramo waliochukuliwa zamani, maana wamepoteza lugha, wamepoteza ngoma, lakini utani wanao. "Gete, kweli kabisa, hao ni wa kwetu," alisema. "Msinibishie." Hakuna aliyembishia.

Bruda alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaniambia kwamba kwao kicheko kile mara nyingi kinawekwa kwa mashine, na kwamba hajawahi kuambiwa habari nzuri zaidi kukihusu kuliko hiyo ya watani. Aliomba nisiwaambie watu habari ya mashine. Sikuwaambia.

Bibi mwenyewe alikuwa na utani mara mbili. Baba yake Mzaramo, mama yake Mnyamwezi, hivyo alisema yeye ni mtani wa nafsi yake, akitaka kutukanwa vizuri anaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, na kwenye utani sisi tuko kundi moja na Wanyamwezi, kwa hiyo upande wa baba yake alikuwa halali yangu. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote asubuhi, akaitikia marahaba, na dakika ya pili tumeanza.

"Nyie Wasumbwa mlifundishwa kuoga na mapadri."

"Na nyie Wazaramo nani aliwafundisha kulima? Maana hatujaona bado."

Tulikwenda hivyo mpaka maji ya chai yakachemka. Lakini habari za mgodi sikuzigusa hata kwa utani. Nilikwisha kuona kwamba pale kuna kidonda.

Kidonda hicho kilifunguliwa Jumamosi moja ya kiangazi. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani, joto la mablanketi na watu. Kanda ilikuwa mpya kutoka kwa dada. Ilionyesha nyumba kubwa ya hakimu Mzungu, meza ndefu, watu wameizunguka. Bibi akaanza kama kawaida. "Baba amekaa. Mkewe amekaa. Wageni wamekaa." Pembeni ya meza alisimama mama mmoja mweusi, mnene, mtu mzima, aproni nyeupe imefungwa kiunoni, mikono ameikutanisha mbele.

"Na huyo?" Baba Mashaka aliuliza.

"Huyo ni shangazi wa nyumba."

"Shangazi wa Wazungu?"

"Wameoleana. Wewe huko kwenu hawaoleani?"

Watu wakakubali. Akaendelea kutafsiri, na mimi, kwa Kiingereza changu cha chuo cha ualimu, nilishika neno supu na neno baridi. Bibi alisema: "Mke wa hakimu anamwambia, shangazi, karibu ukae ule pamoja nasi." Lakini shangazi hakukaa. Alichukua bakuli akaondoka. "Hana njaa," Bibi alisema.

Kisha mke wa hakimu alinyoosha mkono, akachukua kengele ndogo iliyokuwa kando ya sahani yake, akaigonga.

Ilikuwa sauti ile ile. Ukumbi mzima ulimgeukia Bibi. "Bibi, mbona unatunyamazisha? Tumenyamaza!" Naye hakuwa amegusa kitu, kengele yake ilikuwa mapajani. Kwenye kanda mlango wa jikoni ukafunguka, yule mama akatoka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akamtazama mke wa hakimu, akasema maneno machache ya haraka ambayo sikuyashika. Watani wasioonekana wakacheka kicheko kirefu kuliko vyote tulivyowahi kusikia, wakapiga na makofi.

"Kasemaje? Bibi, kasemaje?"

Bibi aliifunika kengele kwa kanga.

"Bibi! Kasema nini huyo shangazi?"

"Hakusema kitu."

"Kasema! Tumeona midomo!"

"Nimewaambia hakusema kitu," alisema, akainuka, akajifunga mtandio, akapita katikati ya mabenchi kwenda mlangoni. Nilikuwa kwenye benchi la njiani. Alipopita niliona kengele ndani ya kanga yake. Alikuwa ameukamata ulimi wa kengele hiyo kwa kidole ili isilie.

Hapo nilielewa mambo yote kwa pamoja: pudini, vitambaa vya ndege, miwani inayopotea, chakula cha kusimama. Hakuwahi kuwa karani. Alikuwa mtumishi wa jikoni kwenye nyumba ya Mzungu wa mgodini, na kengele ile ndiyo aliyokuwa akiitiwa. Alichoogopa kilikuwa kimoja tu, kwamba mji ukijua utamcheka, na hakitakuwa kicheko cha watani. Niliona aibu kubwa. Mzaha wangu wa mgodi wa pudini ulinirudia kinywani nikautemea mate.

Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata tena hakuja. Bruda alijaribu tena kutafsiri, na watu walikaa kwa heshima kama dakika kumi. Nyumbani Bibi alisema anaumwa mgongo, lakini mgongo huo ulikuwa unapiga pasi mapazia. Nilitaka kumwambia kwamba najua na kwamba si kitu. Kila nilipofungua mdomo, nilijiona nitakuwa nimemvua nguo kwa kisingizio cha kumfunika. Sikumwambia, wala mtu mwingine sikumwambia.

Baba Mashaka ndiye aliyemrudisha, bila kujua alichofanya. Alikuja uani na baiskeli yake, akabaki kibarazani, akasema kwa sauti, "Bibi, tunakaa kule kama mabubu. Hata kama shangazi hakusema kitu, njoo utuambie tena kwamba hakusema kitu." Bibi alicheka kidogo. Jumamosi ile alikwenda. Aliendelea kutafsiri karibu mwaka mzima baada ya hapo, na vizuri, ila kengele hakuja nayo tena. Alitunyamazisha kwa kupiga makofi, yeye aliyeyachukia makofi.

Bruda aliondoka muda wake ulipokwisha, akaacha deki parokiani ambako iliharibika mapema. Siku ya kumuaga alinivuta pembeni, akaniuliza ni nini kilimkuta mkalimani wake siku ile ya hakimu. Nilisema sijui. Akatikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo nilikaa nalo miaka minne. Nilikaa nalo kwa sababu sikuona namna ya kulifikisha bila kuigusa siri.

Mimi nilihamishiwa Runzewe. Huko nilisoma, nikafundisha Kiingereza, nikanenepa. Mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini nilirudi Kahama kufuatilia barua yangu ya kupandishwa daraja, na kabla hata ya kwenda ofisini nilipitia kwake.

Nilimkuta kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba, jicho moja limefunga ukungu. Binti wa ndugu yake alikuwa ameolewa, na jirani aliyemwangalia alikuwa ameenda mashineni kusaga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sauti hiyo ni ya yule Msumbwa mchafu." Akaweka mikono kwenye kiti ainuke aniletee chai. Miguu ikakataa. Akajaribu tena. Machozi yalimlengalenga kwa hasira, maana mgeni ameingia na yeye amekaa.

Nilimwomba atulie. Tukaongea habari za watu, waliooa na waliokufa. Kisha akaniuliza ghafla, "Kiingereza chako kimeiva sasa?"

"Kimeiva, Bibi."

"Basi niambie. Siku ile ya hakimu. Wale waliokuwa wanacheka. Walikuwa wanamcheka yule mama, au walikuwa wanacheka pamoja naye?"

Alikuwa amekaa na swali hilo muda wote nami nimekaa na jibu. Nikamwambia alichonieleza Bruda: kwamba kichekesho kile aliwahi kukiona kwao, sebuleni, pamoja na mama yake mzazi. Mama yake alifanya kazi jikoni kwa Wazungu toka usichana mpaka uzee, akilea watoto wao na kuitwa kwa kengele. Yule mama wa kwenye kanda alipotoa jibu lake, mama yake Bruda alicheka mpaka akateleza kwenye kochi, na madirisha yalikuwa wazi, na mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, wanawake wa umri wake walikuwa wanacheka hivyo hivyo.

"Mama yake Bruda?" Bibi alisema.

"Mama yake mzazi."

Halafu akaanza kusema, macho yake mlangoni. Alisema kule Geita, wageni wakija, memsabu, mke wa yule Mzungu, alikuwa anagonga kengele, yeye anakuja, anaambiwa atamke neno moja refu la Kiingereza. Akilitamka, meza nzima inacheka. Anarudi jikoni. Wakisahau, wanamwita tena. Miaka kumi na moja. "Sikuwa karani, mwanangu," alisema. "Ile kengele niliiiba siku walipoondoka, ili wasiende nayo."

Nilimpenda sana wakati ule, na sikujua la kufanya na upendo wenyewe. Pole ingekuwa ndogo. Nikainua macho nikaiona kengele juu ya kabati, nyuma ya vikombe, ulimi wake umefungwa kwa kitambaa chekundu. Nikainuka nikaichukua. Nikafungua kitambaa. Nikavuta kiti kingine, nikakaa, nikakunja nne, na kwa woga nikaigonga mara tatu.

"Wewe mpishi wa Wazungu! Chai iko wapi?"

Alinitazama kwa lile jicho moja zima. Niliona uso wake unafunga, nikadhani nimemuua. Kisha mkono wake ukapanda taratibu ukakaa kiunoni, pale pale alipokuwa ameketi.

"Miguu unayo, na jikoni unakujua," alisema. "Inuka ukachukue mwenyewe."

Tukatazamana.

"Ndivyo alivyosema," akaniambia. "Yule mama. Hivyo hivyo, sikuongeza kitu." Na kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, mpaka akakohoa, mpaka kanga ikamwanguka kichwani, nami nilicheka na kulia kwa pamoja, nikashindwa kujua kipi ni kipi. "Mtani mbaya wewe," alisema akijifuta. "Utanizika wewe."

Nikaenda jikoni. Nilichemsha chai, nikapasha viazi vya jana, nikaviweka kwenye sinia nikamletea. Alikula amekaa, polepole, sinia magotini. Mimi, sijui kwa nini, nilibaki nimesimama mlangoni na kikombe changu, nikimtazama nione kama chumvi imetosha.

"Kaa chini, Msumbwa wewe," alisema bila kuinua kichwa. "Chakula hakishuki kwa mtu aliyesimama."